Kiganja Chekundu kwenye Jalabia Nyeupe

Kila Alhamisi akitoka shule, Wiam aliijua kazi yake kabla hajaambiwa. Aliloweka dengu za kuskusi ya Ijumaa, akampaka kuku viungo, kisha akapanda juu ya paa kuanua nguo. Mama yake alikuwa na sharti moja, na alilirudia hadi likachosha masikio: kuku kwanza, kunawa mikono pili, nguo mwisho.

Alhamisi hiyo mama alikuwa sokoni. Wiam alikuwa ameshughulika na kuku hadi viwiko: chumvi, tangawizi, pilipili manga na binzari manjano isiyopimwa, kwa maana nyumbani kwao kuku asiye wa njano huonekana mgonjwa. Mara akasikia matone ya mvua huku jua likiwaka. Akakumbuka nguo, akasahau mikono, akapanda ngazi mbio.

Jalabia nyeupe ya shangazi Zhor ilikuwa imeponyoka kibanio kimoja, inapepea kama inayotaka kuhamia kwa jirani. Wiam akairukia na kuidaka begani. Alipoachia, kiganja chake kilikuwa kimebaki pale, vidole vyote vitano, vya njano, vimekaa vizuri kama vimechorwa.

Ingekuwa nguo nyingine, angecheka. Lakini shangazi Zhor alikuwa anakaa eda. Mume wake, Driss, alifariki mwanzoni mwa baridi, naye akarudi kukaa kwa kaka yake, baba yake Wiam, hapo Meknes, nchini Morocco. Mjane wa kwao akiwa katika eda huvaa nyeupe tupu, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi. Hajipaki hina wala hajitii manukato. Jalabia zake nyeupe zilikuwa mbili: moja imechakaa, ya kushindia jikoni, na hii, ya kupokelea wageni.

Na wageni walikuwa kesho. Hajja Yamna, mama yake Driss, alikuwa anakuja kumtazama mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu maziko. Hajja Yamna alikuwa na macho yasiyopitwa na uzi uliolegea, na hakuwahi kuficha kwamba mwanawe angeweza kuoa kwingine. Hata mama yake Wiam, ambaye haogopi mtu, tangu juzi alikuwa anasugua vigae vya ukumbini.

Wiam akachukua sabuni ya mche, akaloweka bega la jalabia na kuanza kusugua. Ndipo mambo yakamchanganya. Badala ya kufifia, njano ile ikageuka nyekundu. Akaongeza sabuni, na wekundu ukaongezeka. Aliacha kusugua akaitazama sabuni: nyeupe. Akageuza mikono yake kutafuta jeraha, asione hata mchubuko. Alijiuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro.

Mvua ilikuwa imepita kama iliyokosea njia. Akasuuza harakaharaka, akaitundika tena jalabia kambani, akitumaini kwamba doa lililojigeuza lenyewe lingeondoka lenyewe.

Bi Batoul, jirani, alikuwa kwenye paa lake akianika pilipili. Ukuta kati yao ulikuwa mfupi, na shingo ya Bi Batoul ilikuwa ndefu.

"Wiam, hiyo si jalabia ya shangazi yako?" aliuliza. "Na hiyo hina begani ni ya nani?"

Wiam akageuka. Kutoka mbali, kweli, kilikuwa ni kiganja cha mtu aliyetoka kupaka hina. Neno moja tu lingetosha: changu. Lakini aliona aibu, akamwona mama yake akilitaja lile sharti, na mdomo wake ukasema lingine.

"Sijui."

Bi Batoul hakuuliza zaidi. Aliacha pilipili zake nusu, akashuka. Muda si mrefu Anas, kaka yake Wiam, akarudi na mkate kutoka kwenye tanuri la mtaa, akiuliza kwa nini wanawake kule wanasema shangazi amejipaka hina hata eda haijaisha.  Wiam akamvuta kaka yake pembeni na kumwonyesha doa.

Anas alikuwa na miaka kumi na minne na hakuwahi kukosa jibu la jambo lolote, liwe analijua au halijui. Alisema siki ni ya madoa mekundu, na javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, ni ya vitu vyeupe. Hili ni doa jekundu kwenye nguo nyeupe, kwa hiyo vinatakiwa vyote viwili pamoja. Alieleza kama mwalimu wa hesabu, kisha akaenda zake kucheza mpira.

Wiam akaingia katika kibanda cha kufulia kilichokuwa pale juu ya paa, akarudisha mlango na dirisha asionekane tena. Alilaza jalabia ndani ya beseni na kumimina siki begani. Papo hapo wekundu ukatoweka, njano ikarudi. Alibaki mdomo wazi. Sabuni, ambayo husafisha, ililifanya doa kuwa baya zaidi. Siki, ambayo ni ya saladi, ikalirudisha lilikotoka. Hakujua tena kama alikuwa anaelekea mbele au nyuma. Basi, akasema moyoni, javeli ndiyo itakayomaliza ubishi, na akaimimina juu ya siki.

Harufu ilimpiga kabla hajaweka chupa chini. Pua iliwaka, macho yakajaa machozi, kifua kikabana. Alikohoa akitafuta kitasa asikione, na kila alipovuta pumzi alikohoa zaidi.

Mlango ukasukumwa kwa nje. Shangazi Zhor alikuwa amekuja kuchukua nguo yake.  Alimshika mkono, akamtoa nje hadi upande wa pili wa paa kwenye upepo, akamwosha uso na macho kwa maji mengi, kisha akakaa naye mpaka kikohozi kikatulia. Wiam alipotaka kurudi kuchukua jalabia, shangazi alimkalisha chini.

"Umechanganya nini mle?"

"Siki na javeli, shangazi."

Shangazi Zhor alifumba macho kidogo. "Nisikilize, mwanangu. Siki ni nzuri. Javeli nayo ina kazi yake. Lakini hivi viwili haviingii beseni moja hata siku moja, kwa sababu vikikutana vinatoa hewa ya sumu. Jalabia nitapata nyingine. Kifua chako ningekipata wapi?"

Hapo Wiam akalia, na kilio kikatoa yote: kuku, kiganja, sabuni, Bi Batoul, na lile "sijui". Alieleza hata maneno ya kule kwenye tanuri. Shangazi alisikiliza huku uso wake ukizidi kuwa mzito. Alijua vizuri hadithi ile ingefika kwa nani. Lakini kitu kingine kilikuwa kimemshika.

"Ilikuwa binzari," alisema polepole, "na ulipotia sabuni ikawa nyekundu."

"Ndiyo. Ni uchawi?"

Shangazi Zhor akacheka. Kilikuwa kicheko kidogo, na yeye mwenyewe alionekana kushangaa kukisikia. Alisema binzari ndivyo ilivyo: ikikutana na sabuni au magadi huwa nyekundu, ikikutana na siki au ndimu hurudi njano. Haidhihaki mtu. Huondolewa kwa kufuliwa, kusuuzwa mpaka maji yawe meupe, na kisha kutandazwa juani, kwa kuwa binzari haiwezi kushindana na jua. Wiam akauliza ameyajuaje yote hayo. Shangazi akatazama kando. Driss alikuwa muuza viungo, alisema, na hakupenda kuvaa aproni.

Waliacha kibanda wazi hadi harufu ikaisha kabisa, ndipo wakamwaga vilivyokuwa katika beseni na kuisuuza jalabia kwa maji matupu, tena na tena. Wakaifua kwa sabuni. Kiganja chekundu kikajitokeza tena, na safari hii Wiam hakushtuka. Ijumaa, jua lilipotoka tu, wakaitandaza ukutani. Kufikia adhuhuri kilikuwa kimebaki kivuli cha njano ambacho mtu angekiona kwa kukitafuta.

Lakini maneno hayaanikwi juani. Hajja Yamna aliingia baada ya swala, mwembamba, wima, na salamu zake zilikuwa fupi. Bi Batoul naye alikuja na sahani ya biskuti ambazo hakuna aliyemwomba. Shangazi Zhor aliketi mbele yao katika ile jalabia iliyochakaa. Sinia la kuskusi likawekwa, lakini Hajja Yamna hakunyoosha mkono.

"Zhor," alisema, "nimepita mtaani nikaambiwa hina imeingia nyumba hii, na mwanangu hata udongo wake haujakauka. Sili mpaka nijibiwe."

Mama yake Wiam alifungua mdomo kumtetea wifi yake, lakini Wiam alishasimama mlangoni.  Asubuhi alikuwa amempaka viungo kuku mwingine, na hata baada ya kunawa kiganja chake bado kilikuwa cha njano.

"Ni mkono wangu, bibi, na si hina, ni binzari ya kuku," alisema. "Bi Batoul aliniuliza nikasema sijui. Nilikuwa najua."

Hakungoja kuulizwa. Alileta kutoka jikoni sabuni na kitambaa cheupe cha kufunikia mkate, akakilowesha, akakikandamiza kwa kiganja hadi alama ya njano ikakaa. Kisha akakisugua kwa sabuni mbele yao wote. Njano ikageuka nyekundu, kiganja kizima, kidole kwa kidole. Bi Batoul alianza kutafuta kitu ndani ya glasi yake ya chai na hakukipata kwa muda mrefu.

Hajja Yamna alikitazama kitambaa kile. Kisha akaomba aletewe jalabia yenyewe. Ililetwa kutoka juani, bado ina joto. Alitafuta begani hadi akaona kile kivuli, akapitisha kidole chake juu yake, na uso wake, ambao watu wote waliuogopa, ukalegea.

"Mashati ya Driss yalikuwa hivi hivi," alisema. "Tangu ana miaka kumi, akimsaidia baba yake dukani. Nilimwambia kila siku, vaa aproni."

"Hata mimi nilimwambia, mama," alisema shangazi Zhor.

"Ulikuwa unayatoaje?"

"Kwa jua."

"Na mimi kwa jua." Hajja Yamna alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Sogea karibu, mwanangu. Chakula kinapoa."

Mwanangu: lilikuwa neno ambalo Zhor hakuwahi kuitwa naye. Walikula kutoka upande mmoja wa sinia.

Wageni walipoondoka, Wiam alimsaidia shangazi kukunja nguo. Alingoja karipio, nalo lilikuja, kwa sauti ya chini.

"Jana asubuhi hakukuwa na doa lolote," alisema shangazi Zhor. "Hukunawa mikono, likawa doa la nguo. Doa la nguo ni kazi ndogo, ungeniita tungelifua pamoja. Ulipolificha likawa doa la jina langu, na ulipozidi kulificha karibu likuue. Ukikosea, sema mapema. Na usilolijua, muulize anayelijua, si kila mwenye mdomo."

"Nimeelewa, shangazi." Wiam akaishika jalabia begani, kwenye kile kivuli. "Nitaitandaza tena kesho, jua limalizie hili lililobaki."

Shangazi Zhor akaichukua mikononi mwake, akaikunja upande wa bega ukiwa juu.

"Hapana," alisema. "Hilo liache."