Printa Iliyobebwa Ubavu

Nyumba ya Klara haikosi kelele. Kila siku alasiri, watoto wa majirani hujaa kwenye chumba chake cha mbele, mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Wanakaa mkekani, wanafundishwa herufi na hesabu. Majirani wanaiita twisheni ya Mama Stella, na wanaisifu. Mtoto anaingia hajui A, anatoka anakusomea mabango ya barabarani.

Shida ilikuwa karatasi. Klara alimchorea kila mtoto zoezi lake kwa mkono, mpaka vidole vikafa ganzi. Akichoka, anakwenda dukani kutoa kopi. Huko foleni ndefu, kopi zenyewe hafifu, na nyumbani watoto wanapigana.

Mumewe, Augustino, alikuwa mpagazi Kariakoo. Alibeba mizigo tangu alipotoka Masasi akiwa kijana. Mwaka huu mgongo ukakataa. Daktari akamwambia asinyanyue tena hata ndoo ya maji. Basi wakakaa, mume na mke, wakawaza wee. Mwisho Augustino akapanda basi kwenda Masasi, akauza mikorosho aliyoachiwa na baba yake. Yote. Hela akamtumia mkewe kwa simu ili anunue printa ya nyumbani, ile ya kazi zote: inachapa, inatoa kopi na inaskani. Klara angechapa mazoezi ya watoto, na majirani wangekuja kutoa kopi hapo hapo.

"Hiyo ndiyo mikorosho yote, Mama Stella," alimwambia kwenye simu. "Ikipotea, hatuna kingine. Tutarudi kijijini, na Stella ataacha shule."

Stella ni binti yao, yuko kidato cha tatu. Maneno yale yalimkaa Klara kifuani. Usiku hakulala vizuri.

Tena huyu Klara alikuwa na sababu ya kuogopa. Aliwahi kununua simu mpya Kariakoo, kwa mtu aliyesimama barazani. Boksi limefungwa vizuri, na nailoni yake juu. Alipofika nyumbani akakuta kipande cha sabuni ya kufulia. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile, hata balbu haondoki nayo dukani mpaka aione inawaka. Na si yeye peke yake. Kariakoo ndiyo desturi yetu: kitu kinajaribiwa kwanza, ndipo hela inatoka.

Alikwenda kwenye duka la Darshana, mama wa Kihindi anayekaa Upanga. Duka lile ni la siku nyingi na lina jina zuri, lakini Klara aliingia ameukumbatia mkoba kama vile ameshaibiwa.

Darshana alianza na maswali. Unataka kuchapa nini? Karatasi nyingi au chache? Rangi unaihitaji kweli? Klara akaona huyu anampima mfuko. Akanyoosha kidole kwenye printa ndogo ya bei ya chini, akasema anataka ile.

Darshana akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba ile inatumia katriji, vikopo vidogo vya wino. Kwa mtu anayechapa barua moja kwa wiki, inatosha. Kwa mwalimu, wino utaisha haraka, na katriji mpya ni ghali.

"Usitazame bei ya mashine peke yake, mama," alisema. "Uliza na bei ya wino, na wino huo unatoa karatasi ngapi. Hapo ndipo watu wanapoumia."

Akamwonyesha nyingine, yenye matangi ya wino ubavuni. Hii unaijazia wino kwa chupa, na chupa moja inakwenda mbali. Bei yake iko juu, lakini hela ya mikorosho ilitosha. Darshana akamwonyesha namba ya utambulisho ya mashine iliyoandikwa kwenye boksi, akamwambia ailinganishe na ile iliyo nyuma ya mashine na ile ya kwenye kadi ya waranti. Zote zilikuwa sawa. Klara akapumua kidogo.

Likaja suala la kujaribu. Darshana alikuwa na mashine ya maonyesho juu ya kaunta, ya aina ile ile. Alimwambia Klara ajaribu hiyo mpaka aridhike. Klara akakataa katakata. Hiyo ni yako, alisema, mimi nataka kuiona yangu.

"Nikijaza wino hapa, mashine haitakiwi kulazwa ubavu wala kuinamishwa njiani," Darshana alimwonya. "Itabidi ibebwe bapa mpaka nyumbani. Afadhali uijaze huko huko kwako, mimi nikuelekeze kwa simu."

Maneno ya kweli yale. Lakini masikioni mwa Klara yalikuwa maneno ya mfanyabiashara anayekwepa. Alisimama pale pale, akasema haondoki mpaka aione inatema karatasi. Darshana akakubali shingo upande. Akajaza wino, mashine ikanguruma muda mrefu, kisha ikachapa. Ikatoa kopi, ikaskani. Kila kitu sawa. Klara akalipa.

Nje, hofu nyingine ikampokea. Boksi kubwa, jipya, katikati ya Kariakoo! Kila aliyemtazama, yeye alimwona ni kibaka. Badala ya kutembea na kulibeba bapa kama alivyoambiwa, akamwita Haruna, dereva wa bodaboda wa mtaani kwao. Kulilaza haikuwezekana, boksi lilikuwa pana. Klara akalisimamisha kwa ubavu kati yake na Haruna, akalikumbatia kwa nguvu. Haruna aliuliza kama linabebwa hivyo. Klara akamwambia aendeshe tu, watu wanawaangalia.

Alipolitua mezani, kiganja chake kilikuwa cheusi.

Alifungua boksi. Wino umetapakaa ndani, mweusi na wa bluu umechanganyika, unadondoka tone baada ya tone kwenye sakafu. Matangi yaliyokuwa yamejaa yamepungua. Klara akakaa chini. Akachukua kanga kuukuu, akafuta nje, akafuta tena. Akaushika waya wa umeme, aone kama bado inawaka. Mkono ukagoma. Aliogopa asione taa, akajua ndiyo imekufa. Akauacha waya.

Watoto walipokuja aliwarudisha makwao, akasema anaumwa. Na kweli alikuwa anaumwa, maana hofu nayo ni ugonjwa. Jioni simu ikaita. Augustino alisema kesho anapanda basi, akauliza kama mashine ipo. Klara akajibu kwamba ipo. Hakusema uongo, lakini alipokata simu alihisi baridi mwilini, na Dar yenyewe ilikuwa ya joto.

Asubuhi alikodi bajaji, akairudisha printa dukani ameipakata bapa. Njiani alijifunza maneno ya kusema. Atasema imekuja hivi hivi, mbovu. Atasema haiwaki. Ana kadi ya waranti, watampa nyingine, na Augustino hatajua kitu. Aliyarudia moyoni mpaka akayaamini nusu.

"Haiwaki," alisema alipofika, bila hata salamu.

Darshana akashangaa, maana jana iliwaka vizuri. Akaitoa kwenye boksi; Klara alikuwa ameifuta nje ikang'aa. Akachukua waya, akauchomeka nyuma ya mashine. Ncha ya pili akaipeleka kwenye soketi ya ukutani.

Klara aliutazama ule mkono. Alijua kilichomo ndani. Akinyamaza, huenda akapona. Lakini huyu mama mbele yake hajui kama mashine imelowa, na kidole kinakwenda kwenye umeme.

"Dada, usiiwashe," alisema. "Niliibeba ubavu. Ndani kumejaa wino."

Mkono wa Darshana ukasimama. Akachomoa waya taratibu, akauweka mbali.

"Nyumbani uliiwasha?"

"Sikuiwasha. Niliogopa."

Darshana akashusha pumzi. Alisema wino ni maji. Maji na umeme yakikutana ndani ya mashine, bodi ya umeme inaungua, na bodi ikiungua hakuna fundi. "Ungenyamaza dakika moja tu, tungeiua hapa hapa, wewe na mimi."

Klara alilia. Alilia kwa aibu, mbele ya wateja, akifuta machozi kwa viganja ambavyo bado vina wino. Darshana hakumgombeza. Ila alimwambia wazi kwamba waranti haihusu mashine iliyomwagikiwa njiani, na hilo limeandikwa. Akamwelekeza kwa fundi Nurdin, pale pale Gerezani, nyuma ya maduka ya vipuri.

Nurdin alifungua skrubu, akamulika ndani, akakuna kidevu. Alisema ataisafisha na kuikausha kabisa. Wino ukiwa umeishia kwenye sifongo za chini zinazonyonya wino, itapona. Ukiwa umefika kwenye bodi, ndiyo basi. Hakuahidi kitu. Aje kesho.

Augustino alifika magharibi, na mfuko wa korosho za kuokwa begani. Alitazama meza. Meza ilikuwa tupu, na pembeni sakafu ina doa jeusi lisilotoka.

"Mashine iko wapi, Mama Stella?"

Klara alikuwa ameandaa pilau. Aliweka sahani chini, akamweleza yote, kuanzia kukataa mashine ya maonyesho mpaka machozi ya dukani. Hakuficha hata ule uongo alioutunga kwenye bajaji. Alipomaliza, alingoja mumewe apige kelele. Afadhali angepiga. Augustino aliitazama mikono yake mikubwa.

"Maisha yangu yote nimebeba mizigo ya watu Kariakoo," alisema mwishowe. "Sijavunja glasi. Leo mzigo wa nyumbani kwangu ndio unabebwa ubavu." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Kwenye boksi hukuona mishale?"

Klara hakuielewa. Augustino akalivuta boksi tupu kutoka kona, akamwonyesha mishale miwili iliyochorwa ubavuni, inatazama juu. Kila mpagazi anaijua. Mishale ikitazama juu, ndivyo mzigo unavyokaa, hata kama unafukuzwa na simba.

"Niliogopa vibaka," Klara alisema.

"Mimi pia naogopa," Augustino alijibu. "Naogopa tangu mgongo ulipokatika. Sikukuambia tu."

Pilau ile ililiwa kidogo sana.

Kesho yake walikwenda pamoja kwa fundi. Klara alitembea nyuma ya mumewe, miguu mizito. Nurdin alikuwa ameiweka printa juu ya benchi, imefungwa vizuri. Akaichomeka bila maneno. Taa ikawaka, ya kijani. Mashine ikanguruma.

Klara alitaka kushangilia. Nurdin akamzuia, akasema kuwaka si kupona. Akabonyeza, ikatoka karatasi yenye mistari myembamba ya rangi nne. Akawaambia waitazame vizuri. Mstari ukikatika, ujue vitundu vya wino vimeziba. Mstari mweusi ulikuwa umekatika mahali pawili. Klara akamshika mumewe mkono. Fundi akaiamuru mashine ijisafishe, wakangoja, akachapa tena. Safari hii mistari yote ilikuwa mizima. Akajaribu kopi. Akajaribu kuskani. Sawa.

"Mngeitesti hivi hata siku ya kununua," alisema. "Lakini kwenye mashine ya maonyesho. Yako inajazwa wino ikishafika mezani kwake. Na uichapie kila wiki, hata karatasi moja. Wino ukilala, unakauka."

Ikabaki safari ya nyumbani. Augustino alinyoosha mikono kuichukua, kwa mazoea, kisha akakumbuka mgongo wake. Akarudi nyuma. Klara aliona uso wake, akaumia. Akainama yeye, akaweka viganja chini ya mashine, akainyanyua.

"Inua kushoto kidogo," Augustino alimwambia. "Hapo. Sasa usiangalie mzigo, angalia mbele. Njia nitakufungulia mimi."

Akatangulia. Barabara ilikuwa imejaa kama kawaida, watu, toroli, pikipiki zinapiga honi. Augustino akapaza sauti yake ya kazi, ile ambayo mtaa ulikuwa haujaisikia tangu augue. "Mzigo! Pisha mzigo! Pisha!" Wapagazi wenzake wakamtambua, wakasogeza toroli zao. Mmoja akauliza mzigo wa nani. Augustino akajibu bila kugeuka kwamba ni wake.

Klara alitembea nyuma yake, mikono inamuuma, mashine iko bapa kama maji kwenye sinia. Vibaka hakuwaona. Hakuwa na nafasi ya kuwatafuta.

Siku hizi twisheni ya Mama Stella imejaa mpaka barazani. Majirani wanaleta vyeti vyao, wanatoa kopi, wanaondoka na karatasi zao zote mkononi. Printa ina kitambaa chake cha kuzuia vumbi, na kila Jumamosi inachapa hata kama hakuna kazi. Jirani akitaka kununua ya kwake, huja kwanza kwa Klara. Klara humuuliza: unataka kuchapa nini? Wino wake bei gani? Namba umelinganisha? Nyumbani utaifikishaje? Hilo la mwisho huliuliza mara mbili.

Stella bado yuko shuleni.

Na ile karatasi ya kwanza iliyochapwa nyumbani ilikuwa zoezi la watoto wadogo, la herufi K, na picha ya korosho aliyoichora Klara mwenyewe. Watoto waligawiwa, kila mmoja yake. Augustino akanyoosha mkono, akaomba na yeye moja. Akaibandika ukutani juu ya kiti chake, mahali pa kuitazama akikaa.