Vipimo vya Mtu Asiyekuwepo

Koti lilikuwa halijavaliwa na mtu yeyote, lakini asubuhi ile kola yake ilikuwa imelowa jasho.

Mwandishi aliigusa, akanusa vidole. Jasho la mwanamume, hilo hangelikosea, maana ni miaka miwili tu tangu amzike mumewe. Akajiambia labda paa linavuja. Paa livuje, na kiangazi hiki! Anayetaka kujidanganya hakosi sababu.

Koti lenyewe lilikuwa la mtu wa kitabuni. Katika kitabu chake cha kwanza, mwandishi huyu alimweka fundi aliyetunga uzi kwa juu kwenye sindano ya cherehani, kama vile ni sindano ya mkono. Kila aliyewahi kukalia cherehani alimcheka mpaka machozi, kwa kuwa tundu la sindano ile liko chini, karibu na ncha. Kicheko kile kilimchoma. Akaapa hataandika tena asichokijua. Akaenda kukaa wiki tatu dukani kwa fundi mmoja mzee, akiokota vipande, akipiga pasi, akiuliza maswali mpaka mafundi wakambandika jina la Mama Mbonahivi. Mwishoni akataka mhusika wake mkuu ashonewe koti, alishike, aone linavyokaa.

"Vipimo vya nani?" fundi aliuliza, daftari mkononi.

"Vya mtu wa kubuni tu. Bega kumi na nane, kifua arobaini na mbili..."

"Ngoja, dada yangu. Hapa jina linatangulia, vipimo vinafuata. Hata mteja akinipigia simu, naandika jina kwanza."

"Bado sijampa jina. Acha nafasi, nitajaza baadaye."

Fundi alisita. Lakini mgeni wa wiki tatu si mgeni tena, akaona haya kumkatalia. Akaandika vipimo chini ya mstari mtupu.

Siku mbili baada ya lile jasho, saa nne asubuhi, binti yake wa miaka sita akiwa shuleni, mwandishi alikuwa mezani akiandika. Nyuma yake, pale koti lilipotundikwa, akasikia bitana ikichakarika, kama mtu anayeingiza mkono kwenye nguo mpya. Harufu ya pasi ya moto ikajaa chumbani. Hakugeuka.

"Mkono wa kushoto unabana," sauti ilisema, taratibu, kwa adabu ya mteja mzuri. "Na jina je? Umenipa mabega, umenipa kifua. Nimalizie."

Alikimbia na ndala mpaka dukani. Fundi aliposikia, aliweka mkasi chini.

"Ulimwita?" alinong'ona.

"Sijamwita."

"Mshukuru Mungu. Hilo ni jini. Halikuwa na umbo, wewe ukalipimia. Lakini halijakaa bado. Tutalifumua hilo koti mshono kwa mshono, na mpaka uzi wa mwisho utoke, lisiitwe kitu chochote. Likiitwa likaitika, basi tena."

Walianza saa sita mchana, nyumbani kwa mwandishi, madirisha yakiwa wazi, fundi akisoma dua chini kwa chini huku akikata uzi kwa wembe. Mkono wa kulia ukatoka. Wa kushoto ukatoka. Kola nayo ikang'oka, na kadiri koti lilivyopungua ndivyo harufu ya pasi ilivyozidi. Mwandishi aliyeshika pindo akahisi chini ya kitambaa kitu kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka, kama kifua cha mtu aliyelala, akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, akatamani kuachia lakini fundi akamkazia macho asiachie, na sauti ikawa sasa inatoka katikati ya mikono yao, inabembeleza, "Niite, niite tu, hata kwa utani, mimi sichagui," naye akauma midomo na kumwomba Mungu kitu kimoja tu, kazi hii iishe kabla mtoto hajarudi saa nane.

"Bado mshono wa mgongo," fundi alinong'ona. "Shikilia, dada."

Siku hiyo walimu walikuwa na kikao, watoto wakaachiwa mapema.

Mlango ulifunguka. Binti alisimama kizingitini na mkoba wake mgongoni, akamwona mama yake amekumbatia nguo ya kiume, akasikia sauti nzito ya mtu anayebembeleza ndani ya nyumba ambayo kwa miaka miwili haikuwa na sauti kama hiyo. Alikuwa na miaka minne baba yake alipozikwa. Sura yake hakuikumbuka vizuri. Uso ukamchanua.

"Mwanangu, nyamaza!" mama alipiga kelele.

"Baba?"

Wembe ukamponyoka fundi. Kitambaa kikajivuta kutoka mikononi mwao, kikasimama.

"Naam, mwanangu."

Binti akampita mama yake mbio, mikono wazi.