Mtu wa Kikombe Kitupu

Kikombe chake kilikuwa kitupu.

Jicho aliliona hilo kabla hajaitazama sura ya mwenyewe. Mwanamume wa suti ya kijivu, amesimama mbele ya bango la dawa za watoto. Anainua kikombe, anakishusha. Koo halichezi.

Ujanja huo Jicho aliujua vizuri. Hata chake kilikuwa kitupu. Kwenye makongamano, mwenye haya hushika chochote ili asionekane hana wa kuongea naye.

Lakini mwenye haya wa kweli hurudi foleni ya chai kila mara. Foleni humpa mahali pa kusimama bila kuulizwa kitu. Huyu hakurudi hata mara moja.

Huyu alikuwa anaigiza.

"Jicho, unanipata?" Sauti ya kidude cha sikio la kulia. Mkuu wa Idara.

"Nakupata, mzee."

"Umeshaongea na nani?"

"Na mhudumu."

"Ukamwambia nini?"

"Asante."

Mkuu alishusha pumzi. "Mwanangu, hatukukutuma kutazama mapazia. Mkemia anapanda jukwaani baada ya mapumziko. Akiwataja wanaoingiza dawa bandia, wamekwisha. Wamemtuma mtu aje kumnyamazisha. Sogea. Jitambulishe. Cheka na watu!"

"Sawa, mzee."

Sikio la kushoto lilikuwa kimya. Kidude kilichokuwa humo hakikuwa na betri. Kilikuwa cha Kinywa.

Siku zote walikuwa wawili. Yeye akitazama, Kinywa akiongea. Kinywa aliweza kuingia kwenye kundi la wageni akatoka tayari anaitwa shemeji. Kisha, katika ukumbi kama huu, mtu alimpa mkono. Muda mfupi baadaye Kinywa alikuwa sakafuni, amekufa, midomo imemgeuka rangi. Kiganjani palikuwa na tundu dogo la sindano.

Idara nzima iliamini kwamba wakati huo Jicho alikuwa mlangoni.

Tangu hapo hakukitoa kile kidude sikioni. Wakati mwingine kilimsemesha. Changamka basi, dada. Hawakuli hao.

Suti ya kijivu iliweka kikombe chini. Ikaigeuza pete, jiwe likaelekea ndani ya kiganja.

Jicho aligusa sikio la kulia.

"Mzee, nimempata! Ni pete!"

Mikwaruzo mitupu. Waliomtuma walikuwa wameyavuruga mawasiliano.

Mkemia, mwanamke mnene aliyepandisha miwani kichwani, alikuwa katikati ya duara la watu akisimulia kisa. Wote hoi kwa kicheko. Mwanamume wa suti alikuwa anaukata ukumbi, mkono umeshatangulia.

Jicho alifika nyuma ya duara. Akasimama. Kama kawaida yake, akasubiri watu wamalize kucheka apate upenyo.

Migongo ileile. Kicheko kilekile.

Sikio la kushoto likawa la baridi.

"Hawamalizi, dada," Kinywa alisema.

Jicho alitumbukiza kiwiko katikati ya watu. Chai ikamwagika.

"Nawakatiza!"

Sauti ilimpasuka. Beji yake ya plastiki ngumu ilikuwa imeshabanwa kiganjani. Akaudaka ule mkono kabla haujamfikia Mkemia.

"Hatujafahamiana," alisema.

Tik. Sindano ikagonga plastiki. Ikavunjika.

Bastola yake ndogo ya Beretta ilikuwa tayari mbavuni mwa yule mtu, chini ya koti.

"Tabasamu. Tunatoka kama marafiki."

"We binti!" Mkemia alimwita, bado anacheka. "Umetukatiza uhondo halafu unaondoka? Niachie kadi basi!"

"Zimeisha, mama."

Mfukoni zilikuwa zote.

Kwenye ujia, yule mtu aligeuza shingo. "Nakukumbuka," alinong'ona. "Wewe ndiye uliyesimama nyuma ya mwenzako siku ile. Nilikuangalia usoni. Nikajua hutasema kitu."

Jicho alimsukuma mbele. Alimkabidhi kwa vijana wa Idara, mlango wa gari ukafungwa.

Vipaza sauti vya ukumbini vikakohoa. Mkemia akaanza kutaja majina, moja baada ya jingine.

"Kazi safi," alisema Mkuu, mikwaruzo ikiisha. "Rudi ndani ule na wenzako."

"Hapana, mzee."

Alikitoa kidude cha kulia, akakitia mfukoni. Akavuka uwanja wa magari taratibu, mikono kwenye koti, mpaka sauti za ukumbini zikaisha masikioni. Kisha akagusa sikio la kushoto.

"Kinywa. Sikuwa mlangoni, kaka. Nilikuwa nyuma yako. Niliuona mkono ukija. Nilikuwa nasubiri mmalize kucheka."