Mgeni Asiyeaga

Mchezo ule una wapiganaji wanne. Maoni ya kumi na saba yalisema watano.

Mfasiri aliyasoma saa nne asubuhi, amesimama, kikombe cha chai mkononi. Aliyeandika alijiita Sina Haraka. "Tafsiri safi, hongera," aliandika, "ila huyu mpiganaji wa tano anaudhi. Hana jina, hana upanga, na anakula zamu yangu. Nimtoeje?"

Mfasiri akaweka kikombe chini. Mchezo ulikuwa wa kompyuta, wa Kijapani, wa zamani, wa aina ile ambayo mchezaji huongoza kikosi kutoka kijiji hadi kijiji, akiongea na wenyeji na kutafuta silaha, na kila vita hupiganwa kwa zamu: wewe unapiga, adui anasubiri, adui anapiga, wewe unasubiri. Aliucheza akiwa na miaka kumi bila kuelewa neno hata moja. Alipokua alijifunza Kijapani, na kwa miaka mitatu akautia Kiswahili, mistari elfu sita na mia mbili, bila malipo. Alichotaka ni watu waucheze na waseme neno.

Sasa walikuwa wakisema.

"Napiga hatua tatu, konokono wananivamia. Nyingine tatu, konokono. Hawa konokono hawana kwao?"

"Yule mfalme wa mwisho ana roho ngapi? Nimempiga saa mbili hadi kidole kikafa ganzi, kumbe ndiyo kwanza ananyoosha viungo."

"Kiswahili kizuri, lakini watu wa humu hawana adabu. Wanaingia kwa hodi, wanaondoka kimya kama paka. Nyota mbili."

Nyota mbili ndizo zilizomuuma. Akamjibu kila mtu. Kwa Sina Haraka aliandika: "Wapiganaji ni wanne. Hesabu tena."

Jibu likaja kabla chai haijapoa. "Nimehesabu. Watano."

Kufikia Ijumaa, watu kumi na mmoja walikuwa wakilalamika juu ya mpiganaji wa tano. Mfasiri akampigia simu Fundi, kijana wa mtaa wa pili aliyemfungulia matumbo ya mchezo ule ili maneno mapya yaingie.

"Dada, kikosi kina nafasi nne," Fundi alisema. "Nne! Kumwambia mtu ana mpiganaji wa tano ni kumwambia amevaa kiatu cha tatu."

"Basi watu kumi na mmoja wamevaa kiatu cha tatu."

"Wana wivu. Watu wa mtandaoni unawajua."

Mfasiri hakuridhika. Aliwahi kuwa mhakiki wa maandishi na alijua kwamba kosa lililoonwa na watu kumi na mmoja si wivu. Akawauliza wote mmoja mmoja walichofanya tangu mwanzo. Wakatofautiana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Katika nyumba ya kwanza ya kijiji cha kwanza, msafiri hubisha hodi, na mchezaji huchagua jibu: *Karibu* au *Siyo sasa*. Wote kumi na mmoja walichagua *Karibu*. Waliochagua *Siyo sasa* hawakuwa na la kulalamikia, ila konokono.

Mmoja akaongeza, chini kabisa ya majibu yake: "Swali la pembeni. Mke wangu anauliza kwa nini siku hizi natenga sahani tatu. Tuko wawili."

Mfasiri aliisoma sentensi hiyo mara mbili, kisha akafunga mashine. Chumbani kulikuwa na harufu aliyokuwa akiisikia wiki nzima bila kuijali, harufu ya pasi ya moto iliyopita juu ya nguo yenye vumbi. Hakuna aliyekuwa amepiga pasi.

Akatoka kwenda sebuleni. Waliishi wawili, yeye na mama yake, vyumba vitatu vya ghorofa ya tatu. Mama alikuwa mkunga mstaafu. Alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, na mbele yake kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kikifuka moshi upande ambao hapakuwa na mtu.

"Umeshawaponya hao Wajapani wako?" Mama aliuliza.

"Bado. Mama, hicho kikombe cha nani?"

"Cha mgeni."

"Mgeni gani?"

"Wako. Miaka mitatu nasikia hodi, nakaribisha. Ulitaka nimwache mlangoni?"

Mfasiri akakaa taratibu. Alikumbuka. Ndivyo alivyofanya kazi: kila mstari aliusoma kwa sauti ili asikie kama unakaa vizuri mdomoni, na mstari wa msafiri aliusoma pengine mara mia, kwa sababu haukutaka kukaa. *Hodi. Hodi humu ndani.* Na kutoka sebuleni, kupitia mlango uliofungwa, sauti ya mama yake ilijibu kila mara, *Karibu.* Alidhani ni utani. Mara nyingine ilimkera, akapaza sauti, "Nasoma tu, Mama!" Lakini Mama alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka thelathini na moja, na mkunga akibishiwa hodi haulizi ni nani.

"Yuko wapi sasa?" mfasiri aliuliza.

"Shusha sauti," Mama alisema, akiangalia kiti kilichokuwa kitupu. "Amesinzia."

Jumamosi alasiri Mama alilala kitini, na mfasiri akasimama mlangoni kumtazama. Alikuwa amepungua. Mfupa wa bega ulionekana chini ya kanga, na mdomo ulikuwa umekauka. Mama akavuta pumzi, akaitoa, kisha kifua kikatulia, na katika utulivu ule mfasiri akasikia pumzi nyingine, nzito kidogo, ikivutwa upande wa pili wa meza na kutolewa bila haraka, halafu kimya, halafu Mama tena, halafu ile nyingine, na alipoanza kuhesabu, kwa sababu hakujua la kufanya ila kuhesabu, aligundua kwamba hazikugongana hata mara moja, kwamba kila mmoja alimsubiri mwenzake amalize kama wanaocheza kwa zamu, na kwamba pumzi za upande wa pili zilikuwa zikirefuka, kidogo kidogo, huku Mama akikaa na kifua kilichotulia, midomo ikianza kubadilika rangi, akingoja apewe yake.

Akamtikisa. Mama akafumbua macho na kuvuta hewa kama aliyeibuka majini.

"Mbona unanishtua?"

"Mama, twende hospitali."

Daktari alimpima Jumapili, asubuhi hadi adhuhuri. Alisema mapafu ni safi, moyo ni wa mtu wa miaka hamsini, na bibi ale vizuri. Mfasiri alimweleza juu ya pumzi ile nyingine. Daktari akamwangalia, akamuuliza yeye analala saa ngapi.

Nyumbani alikuta maoni mapya arobaini. "Wa tano sasa anapata zamu mbili, mimi moja. Hii ni tafsiri au ni adhabu?" "Rekebisheni basi! Nyota moja." "Mwenzangu, kwako anahema?" Hakumjibu yeyote. Alimpigia Fundi na safari hii Fundi hakutania. Alisema ana shangazi.

Shangazi huyo alikuja Jumatatu saa nane mchana na mkoba wa ngozi. Alikuwa karani wa posta hadi alipostaafu. Kazi ya kutoa majini aliirithi kwa mama yake. Alisimama katikati ya sebule, akanusa, kisha akauliza maswali kwa sauti ya mtu aliye nyuma ya dirisha la huduma.

"Nani alibisha hodi?"

"Mimi," mfasiri alisema. "Lakini nilikuwa nasoma tu."

"Nani alikaribisha?"

"Mimi hapa," Mama alisema.

"Na nani aliingia?"

Fundi, aliyekuwa amebaki mlangoni na viatu mkononi, alianza kuvivaa.

"Wewe vua, kaa," shangazi yake alimwambia. Akamgeukia mfasiri. "Kwenye huo mchezo wenu, msafiri akishaingia anatokaje?"

"Analala, asubuhi anaaga, anakwenda."

"Anaaga vipi?"

Ilibidi mfasiri aeleze jambo alilokuwa hajamweleza mtu. Mchezo wa zamani una nafasi finyu. Kijapani husema kwa alama mbili kile ambacho Kiswahili hukisema kwa herufi kumi, na mwaka wa pili wa kazi maneno yalikuwa yamefurika kama maji kwenye ndoo. Fundi alimwambia apunguze. Akatafuta neno ambalo likitoka hadithi haitapotea, na akalipata. Kulikuwa na *Kwaheri* sitini na moja mchezoni. Akazifuta zote. Watu wa mchezo huingia kwa hodi, husema ya kusema, na skrini hubadilika.

"Zote?" shangazi aliuliza.

"Zote. Nilihitaji nafasi."

Fundi akashika kichwa. "Basi ndiyo maana! Amri ya kumtoa msafiri imefungwa kwenye ule mstari. Mstari ukiwa mtupu, amri haisomwi."

"Unaona?" mfasiri alimwambia, sauti ikipanda. "Na ulisema ni wivu!"

"Gombaneni baadaye," shangazi alisema. "Jini hafukuzwi kwa fimbo kama mbuzi shambani. Huyu alikaribishwa, tena kwa heshima, na mgeni aliyekaribishwa hutoka kwa kuaga. Ametega sikio mlangoni kwenu miaka mitatu, maneno ya binadamu ameyajulia humo. Neno la kuondokea hamkumfundisha. Mrudishieni."

Hilo lilikuwa rahisi kulisema. Fundi akafungua mashine mezani, mkabala na kiti kile kitupu, akikiangalia kwa pembe ya jicho. Nafasi iliyobaki ilikuwa sifuri. *Kwaheri* ina herufi saba. Ili iingie moja, herufi saba zitoke mahali pengine, na kila sentensi waliyoigusa iliporomoka. Mfalme wa mwisho akapoteza kitenzi. Konokono wakawa kono. Saa nzima ilipita hivyo, na nyuma yao pumzi za Mama zilikuwa zimeanza kuchelewa tena.

"Kuna jina lako," Fundi alisema taratibu. "Mwishoni. Lina herufi saba."

Hapo palikuwa mahali pekee ambapo mchezo ulisema ni nani aliyeufasiri. Miaka mitatu. Mfasiri alitazama herufi zile saba, akamtazama mama yake aliyekuwa amekaa na kifua kilichotulia, akisubiri.

"Futa," alisema.

Kabla ya kuanza, shangazi aliwaweka sawa. Mlango ukafunguliwa wazi. "Akiaga, mtu asimjibu. Wewe usijibu, wewe usijibu, na wewe mama yangu usijibu. Tumeelewana?"

"Mimi si mtoto," Mama alisema.

Mfasiri akaongoza kikosi hadi nyumba ya kwanza. Msafiri akabisha, akaingia, akalala. Asubuhi ya mchezo ikapambazuka, na kwa mara ya kwanza neno likatokea kwenye kisanduku cha buluu, na mfasiri akalisoma kwa sauti, kama alivyosoma yote.

"Kwaheri."

Harufu ya pasi ikajaa sebuleni hadi macho yakawawasha. Kiti kitupu kikasogea nyuma juu ya sakafu, taratibu, kama kinavyosogezwa na mtu mwenye adabu zake anayenyanyuka mezani, na nyayo zikaanza kuelekea mlangoni, nzito, moja baada ya moja, zikampita Fundi aliyekuwa amefumba macho, zikampita shangazi aliyeshika kitasa bila kutikisika, na zilipofika kizingitini zikasimama, na kutoka hapo ikatoka sauti ambayo haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, ikilitamka neno silabi kwa silabi kama mtu anayesoma lugha aliyojifunza jana.

"Kwa. He. Ri."

Mama akavuta pumzi ndefu, ya kwanza nzima kwa siku nyingi. Damu ikarudi usoni. Nyayo zikavuka kizingiti, zikashuka ngazi moja, mbili, tatu.

"Haya," Mama alisema kwa upole, akiangalia mlango. "Karibu tena."

Nyayo zikasimama ngazini.

Shangazi akaubamiza mlango na kuuegemea kwa mgongo. Fundi akasema neno ambalo halisemwi mbele ya wazee.

"Mama!" mfasiri alinong'ona. "Mama, kwa nini?"

Mama aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja, kama vile wao ndio waliokosa.

"Mtu ameketi nami mwezi mzima, na wewe umejifungia na mashine yako," alisema. "Ulitaka nimwache aondoke kama mbwa?"

Akavuta pumzi, akaitoa. Kifua kikatulia. Hakuna aliyesogea. Walisimama hapo watatu, wakisikiliza, wakingoja pumzi inayofuata itoke upande gani.