Ukuta Juu ya Njia ya Watu

Ndugu zangu, msijifanye wageni; mtaa huu mnaujua. Kati ya nyumba ya Mama Mkaa na ya jirani yake palikuwa na njia ya watu wote, na pembeni mwake ua wa michongoma uliofika kifuani. Kila asubuhi jirani yule, ambaye Mama Mkaa alimwita wifi kwa utani, alitandaza kitambaa chekundu juu ya michongoma. Maana yake: nimeamka mzima. Alikuwa na kifafa. Kitambaa kisipoonekana, Mama Mkaa aliacha makopo yake ya mkaa na wateja, akavuka njia, akaingia. Zaidi ya mara moja alimkuta sakafuni, akamlaza ubavu, akampangusa povu.

"Leo umeninyima msiba, wifi."

"Ungelia kwa sauti yako hiyo, hata kaburi lingenitema."

Wakacheka, kila mtu akarudi kazini.

Kisha mume wa wifi akapata vijisenti. Tulimwita Bwana Komeo, maana hata choo cha nje alikitia kufuli. Akataka ukuta, tena mrefu kupita sheria ya manispaa, na uimeze ile njia ya umma. Ofisini wakamwambia: leta saini za majirani kwamba hawana pingamizi. Mjanja yule hakuja mwenyewe. Alimtuma mkewe.

"Nitilie saini, wifi. Nyumbani hapakaliki. Kaka yako unamjua."

"Na kitambaa nitakionaje?"

"Nitakuwa nagonga ukuta."

Moyo wa Mama Mkaa ulikataa, lakini akaona muhali kumnyima. Akatia saini. Na sisi tukatia. Kila mmoja alidhani mwenzake ndiye atakayepinga.

Bwana Komeo hakungoja hata kibali. Tofali likapanda juu ya tofali, na juu kabisa vigae vya chupa. Afisa wa manispaa akaja, akakuna kidevu.

"Mzee, mbona umeshajenga?"

"Nimeanza tu, mkubwa."

"Basi maliza, halafu uje tukuhalalishie."

Ofisi hiyohiyo iliwahi kuja na tingatinga kuvunja kibanda cha Mama Mkaa, kwa kosa la kugusa barabara! Mlisahau? Mimi sijasahau.

Ikawa kila asubuhi Mama Mkaa anatega sikio ukutani. Ngo, ngo, ngo. Anaitikia, anakwenda kupanga makopo yake ya mkaa. Mpaka asubuhi ile ukuta uliponyamaza.

Aligonga yeye. Kimya. Akakimbia kuzunguka mtaa mzima, maana njia haikuwepo tena. Geti lilikuwa na kufuli kwa nje. Bwana Komeo alikwenda manispaa kuchukua kibali, akiwa amemfungia mkewe ndani "kwa usalama wake".

"Wifi! Wifi, nijibu!"

Jirani mmoja, fundi wa kupaka rangi, akaleta ngazi, ndefu kuliko zote mtaani. Ilifika chini ya vigae, ikaishia hapo. Kufuli nalo likakataa kuvunjika, tukaugeukia ukuta kwa nyundo. Tulipotoboa tundu la kupita mtu, Mama Mkaa alitangulia, akachanika bega bila kujua. Wifi alikuwa ameangukia beseni la kufulia, uso ndani ya maji. Kitambaa chekundu kilielea kando yake.

Bwana Komeo akarejea, karatasi mkononi.

"Nani kabomoa ukuta wangu? Nina kibali!"

Mama Mkaa alikuwa amempakata wifi, anamkausha nywele.

Baada ya mazishi tundu lilizibwa, na tulioshika nyundo tukaitwa kituoni kwa kuharibu mali. Ukuta ni halali. Upo mpaka leo.

FUNZO

Njia ya umma si mali ya kupeana kwa kuoneana haya. Mwenye tamaa huomba, mwenye ofisi huuza, lakini anayetoa ni jirani anayenyamaza. Muhali umeua mtu hapa, na saini zetu zipo. Kesho wakija na karatasi nyingine, usimtazame mwenzako. Pinga wewe.