Kina Mama Wasiokuwemo Kwenye Kompyuta

Robinson Owiti alikutwa amekufa Jumatatu asubuhi ndani ya chumba cha barafu, ameketi karibu na mlango, mikono ameikumbatia kifuani. Alikuwa msimamizi wa kiwanda kimoja cha minofu ya samaki aina ya mbuta huko Nyamasaria, na hakuna aliyewahi kumsikia akimfokea mtu. Skrubu za kitasa cha ndani zilikuwa zimefunguliwa, na kitasa chenyewe hakikuonekana. Mtu alikuwa amepanga.

Mlango ule ukisukumwa hujifunga wenyewe. Kuufungua kutoka nje ndiko kunataka ufunguo, na ufunguo hukaa na Caren Achola, mtunza chumba. Caren alikiri kosa moja tu. Jumamosi, saa saba na nusu mchana, mashine zikinguruma, alikwenda kuufunga mlango, akaukuta umeshafungwa, akaenda zake bila kuchungulia.

Inspekta Debra Nakhungu alimweka seli. Kesho yake angesomewa shtaka la mauaji. Watoto watatu wa Caren walikaa kwenye benchi la kituo siku nzima, hata chai hawataki.

Aliyemchongea Caren ni Walter Oluoch, mtaalamu wa kompyuta wa kiwanda. Alikuwa ametengeneza programu inayoigiza kazi yote. Kila mfanyakazi ni kidoti kwenye skrini, na kila kidoti kina tabia zake: huyu hutembea pole, yule humngoja mwenzake, mwingine hashiki samaki kabla ya kunoa kisu. Unaviachilia vyote vitembee pamoja, halafu unatazama kazi inakwamia wapi. Tabia hizo zote Walter alifundishwa na marehemu, miezi mitatu wakizunguka pamoja. Alimwita Baba, na alikuwa na haki, maana alisoma chuo kikuu akila na kulala kwa Robinson kule Nyalenda.

Basi Walter akalia, akafuta machozi, akamwonyesha Inspekta jinsi Jumamosi ilivyokwenda. Kuanzia saa saba na robo, wengine wote walikuwa wakivua mabuti au wakipekuliwa getini. Kwenye ujia wa chumba cha barafu kilipita kidoti kimoja tu, cha Caren. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa Port Victoria kwa wakwe zake. Debra alimwamini. Alimpa pole, hata akamshika bega.

Akiwa anatoka, aliona dirisha dogo mwisho wa ujia, kizingiti chake kimejaa magamba. Kila mtu wa Kisumu anaujua mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki minofu ikishatolewa. Mlinzi alimwambia kwamba kila Jumamosi, kazi ikiisha, Robinson alikuwa akiwagawia kina mama wa Nyalenda mifupa hiyo kupitia dirisha hilo. Debra akarudi kwa Walter.

"Kina mama wa mgongo wazi wako wapi hapa?" aliuliza, akiigusa skrini.

"Hao si wafanyakazi, Madam. Niliingiza walio kwenye orodha ya kiwanda."

Debra alijiona mjinga. Yeye mwenyewe alilelewa kwa mgongo wazi, na hakuwa ameuliza.

Alimkuta mmoja wao, Mama Seline, kando ya bomba la maji Nyalenda, akikaanga mgongo wazi. Mpaka hapo hakuna polisi aliyekuwa amemfuata kumhoji. Jumamosi walikuwa sita dirishani, alieleza, na walingoja wee.

"Mzee hakutokea," alisema. "Alikuja kijana wake, yule wa kompyuta. Akasema leo hakuna, akatufungia dirisha."

"Una hakika ni yeye?"

"Madam, huyo amekula samaki wangu miaka minne. Nitamsahau aje?"

Wale watano wengine walisema hivyo hivyo. Wakwe wa Port Victoria, walipopigiwa simu, walisema hawajamwona Walter tangu Pasaka.

Jioni hiyo Walter aliketishwa mbele ya Inspekta.

"Ulikuwa wapi Jumamosi?"

"Nilishasema."

"Kina mama sita wamekuona."

Hapo akatapika yote. Mkurugenzi wa kiwanda alitaka sababu ya kuwafukuza watu arobaini. Programu ikasema hakuna wa ziada, kazi inakwamishwa na malori yanayochelewa. Walter akavibadilisha vidoti, vikatembea haraka kuliko binadamu, visichoke, visiende choo. Kwa hesabu hiyo nusu ya watu wangetosha, naye angepewa ukuu wa idara. Robinson alitazama skrini mara moja tu, akasema hawa si watu wangu, na Jumatatu nitawaambia wafanyakazi wenyewe. Siku mbili kabla ya hiyo Jumatatu, Walter, kitasa cha ndani akiwa ameshaking'oa, alimwomba waingie chumba cha barafu wahesabu masanduku, kisha akatangulia kutoka na kuusukuma mlango. Kweli, asante ya punda ni mateke.

"Na wale kina mama?" Debra aliuliza. "Uliwaona, nao wakakuona."

"Niliwaona." Walter aliinamisha kichwa. "Nikajua nyinyi hamtawauliza."

Ilimchoma Debra, kwa kuwa nusura iwe kweli. Alimwagiza konstebo akamfungulie Caren, awapeleke yeye na watoto nyumbani kwa gari la kituo. Kisha akamgeukia Walter tena.

"Robinson aligonga?"

"Aligonga. Nilikuwa nimeegemea mlango, nilimsikia."

"Akasemaje?"

Walter alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Alidhani kitasa kimeng'oka chenyewe. Akaniambia, 'Walter mwanangu, usihangaike. Nenda kamwite Caren aje na ufunguo.'"