Barafu ya Tetsuro

Ilikuwa jioni ya mwisho ya Bon, zile siku ambazo wafu wetu huja kututembelea. Nilikwenda na binti yangu Kozue kununua barafu kwa Mzee Iwakura.

"Mama Kozue, umelikumbatia hilo pande kama mchumba," alinitania. Kisha akashusha sauti. "Lakini baa yenu imefungwa tangu msiba. Nani atakunywa?"

"Tetsuro."

Tabasamu likamtoweka. "Basi usisahau kumwashia moto wa kumsindikiza. Mgeni akizoea, haondoki."

Nikaitikia kwa kichwa. Lakini sikutaka mume wangu aondoke.

Niliiacha barafu juu ya kaunta ya baa yetu itoe jasho kwanza. Ukiichonga ikiwa bado na baridi kali, hupasuka. Ndivyo Tetsuro alivyonifundisha. Kisha nikashika chuma chake chenye ncha, nikachonga tufe. Lilitoka na mabonde na vilima kama kiazi. Angenicheka. Nikalitia ndani ya bilauri yake, nikamimina wiski.

Nje, majirani walianza kuwasha mioto milangoni mwao. Harufu ya moshi ikaingia. Vijiti vyangu vikavu vilikuwa tayari kizingitini.

Sikuviwasha.

Akae siku moja tu zaidi... nilijiambia.

Krr...

Barafu ilizunguka yenyewe ndani ya bilauri. Krr... krr... taratibu, kama alivyokuwa akiizungusha kwa kijiko chake kirefu.

Nikasogea. Ilikuwa Agosti, jasho lilinitiririka, lakini barafu haikuyeyuka. Na yale mabonde yangu hayakuwepo tena. Tufe lilikuwa laini, la duara kamili.

Mimi sijui kuchonga hivyo.

"Tetsuro?" Machozi ya furaha yakanitoka.

Kozue alikuwa ameketi kwenye kiti kirefu, mkono mmoja juu, kama mtoto anayevushwa barabara.

"Mama, Baba ana baridi."

Midomo yake ilikuwa ya bluu. Nikamkumbatia. Alikuwa baridi... baridi kama lile pande nililobeba. Nikauvuta ule mkono.

Haukushuka.

"Mwachie," nikanong'ona. "Mume wangu, huyu ni mtoto..."

"Anasema bado kidogo," Kozue alisema.

Nikakimbilia mlangoni. Nikakwaruza kiberiti. Njiti ya kwanza ikazima. Nyingine ikashika, nikaviwasha vile vijiti.

"Nenda, Tetsuro. Nakuomba."

Ta.

Barafu ikapasuka vipande viwili. Mkono wa Kozue ukaanguka. Akaanza kulia, na rangi ikarudi mashavuni.

Daktari anasema ni damu tu, haifiki vizuri kwenye vidole. Huenda ni kweli. Lakini mkono ule haujapata joto hadi leo. Kila nikimlaza, huushika na kuufunika kwa viganja vyangu mpaka alale.

Kozue hudhani nampasha joto.

Mimi namshika mume wangu.